Mgeni Mwenye Kalamu: Safari, Lugha na Msiba katika L'ombre d'Imana ya Véronique Tadjo

Ikisiri

Makala haya yanahakiki kitabu L'ombre d'Imana (Kivuli cha Imana) cha Véronique Tadjo, mwandishi wa Côte d'Ivoire aliyeitembelea Rwanda baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Hoja yetu ni kwamba thamani ya kitabu hiki inatokana na msimamo wa mwandishi wake kubaki mgeni: anasikiliza, anarudi mara ya pili, na mwishoni anakiri kwamba hakupona. Kwa kupima namna kitabu hiki kingeweza kusemwa kwa Kiswahili, makala yanaonesha kwamba Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017, kina baadhi ya maneno yanayoufafanua msiba huu vizuri kuliko Kifaransa, na mengine yanayoweza kuupotosha. Makala yanahitimishwa kwa mapendekezo kuhusu tafsiri, istilahi na ufundishaji wa fasihi.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kwa kawaida methali hii hutajwa kwa furaha: mgeni akichinjiwa kuku, watoto wa nyumba nao hupata kitoweo. Hata hivyo, katika nyumba yenye msiba methali hiyo hugeuka swali. Mwenyeji aliyefiwa na ukoo mzima ataponaje kwa ujio wa mtu asiyeijua lugha yake, aliyefika miaka minne baada ya mazishi, akiwa na daftari na tiketi ya kurudi kwao?

Swali hili linamhusu Véronique Tadjo, na linatuhusu sisi pia, watafiti wa Kiswahili tunaofanya kazi Rwanda. Makala haya yameandikwa Muhima, mtaa wa wilaya ya Nyarugenge ulio kati ya katikati ya jiji la Kigali na kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Ukiteremka Nyabugogo utakisikia Kiswahili cha madereva, makondakta na wachuuzi wanaounganisha Kigali na Kampala, Bujumbura, Goma na Dar es Salaam. Ukitazama ng'ambo ya bonde utaiona Gisozi, mahali palipozikwa zaidi ya wahanga 250,000 wa mwaka 1994. Mtaa wetu umekaa kati ya lugha ya njia kuu na kilima cha makaburi. Hadi leo lugha hiyo haijapanda kilima hicho ipasavyo. Kiswahili kiliingia Rwanda kwa mlango wa soko na kambi ya askari. Hakijaingia vya kutosha kwa mlango wa matanga.

Kwa hiyo tunapomsoma Tadjo tunafuatilia wageni watatu kwa pamoja: mwandishi, Kifaransa alichoandikia, na Kiswahili ambacho nacho kinabisha hodi.

2.0 Mwalimu aliye safarini

Tadjo alizaliwa Paris mwaka 1955, baba yake akiwa Mwivori na mama yake Mfaransa aliyekuwa mchoraji na mchongaji. Alikulia Abidjan. Alisomea Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Abidjan, kisha akapata udaktari katika Sorbonne kwa utafiti juu ya fasihi na ustaarabu wa Wamarekani Weusi. Alianza kazi kwa kufundisha Kiingereza katika shule ya sekondari mjini Korhogo, kaskazini mwa nchi, na baadaye akawa mhadhiri wa Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Abidjan hadi mwaka 1993. Baada ya hapo aliishi Lagos, Mexico, Nairobi, London na Johannesburg. Kuanzia 2007 hadi 2015 aliongoza idara ya Kifaransa katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini.

Wasifu huu unatusaidia kukisoma kitabu chake kwa namna mbili. Kwanza, Tadjo ni mwandishi wa Kifaransa aliyepata riziki kwa kufundisha Kiingereza, na baadaye akafundisha Kifaransa katika nchi ambayo Kifaransa si lugha ya wenyeji. Kila mara alikuwa darasani akieleza lugha ambayo wanafunzi wake hawakuzaliwa nayo. Mtu wa namna hiyo hujifunza kutoliamini neno kwa haraka. Sentensi zake ni fupi na msamiati wake ni wa kawaida. Pili, ameandika na kuchora vitabu vingi vya watoto, kikiwemo Mamy Wata et le monstre. Mwandishi wa watoto anajua kwamba jambo zito husemwa kwa maneno mepesi au halisemwi kabisa. Tabia hizo mbili ndizo alizokuja nazo Kigali.

Alikuja pia akiwa tayari na umbo lake la uandishi. À vol d'oiseau (1986), kitabu chake cha kwanza cha nathari, kilikuwa mkusanyiko wa vipande vifupi visivyofungwa na msuko mmoja. Kwa hiyo si sahihi kudai kwamba Rwanda ndiyo iliyomlazimisha kuandika kwa vipande. Kilichobadilika Rwanda ni sababu ya kufanya hivyo. Mtindo ambao awali ulikuwa uhuru wa msanii uligeuka kuwa adabu ya mgeni: kutokisimulia kisa cha mwenzako kana kwamba unakijua mwanzo hadi mwisho.

3.0 Kigali, 1998

Safari ya Tadjo ilikuwa sehemu ya mradi wa tamasha la Fest'Africa la Lille, Ufaransa, ulioongozwa na mwandishi wa Chad, Nocky Djedanoum. Mradi huo, uliobeba wazo la kuandika kwa wajibu wa kumbukumbu, uliwaleta Rwanda mwaka 1998 waandishi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Miongoni mwao walikuwa Boubacar Boris Diop wa Senegal, Tierno Monénembo wa Guinea, Abdourahman Waberi wa Djibouti, Koulsy Lamko wa Chad, Monique Ilboudo wa Burkina Faso na Meja Mwangi wa Kenya, pamoja na Wanyarwanda Vénuste Kayimahe na Jean-Marie Vianney Rurangwa. Vitabu vingi vya mradi vilichapishwa mwaka 2000, L'ombre d'Imana kikiwa miongoni mwavyo.

Mambo mawili ya wakati huo yanastahili kukumbukwa. La kwanza ni kwamba kumbukumbu bado haikuwa na jengo. Kituo cha Gisozi kilifunguliwa mwaka 2004, na maeneo ya Nyamata, Murambi, Gisozi na Bisesero yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2023. Mwaka 1998 mgeni aliyekwenda Nyamata au Ntarama alikutana na kanisa na mifupa. Utaratibu wa kumweleza alichokuwa anakiona ulikuwa mchanga sana.

La pili linahusu lugha. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, na ndiyo iliyotambua kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji hayo. Hukumu hiyo ilitolewa katika mji wa Waswahili, lakini lugha za kazi za mahakama zilikuwa Kiingereza na Kifaransa, na mashahidi walizungumza Kinyarwanda kupitia wakalimani. Katika mwaka huohuo, basi, haki ilitafutwa Arusha na fasihi ikatafutwa Kigali. Katika sehemu zote mbili Kiswahili kilisikika barabarani na hakikuandikwa kwenye kumbukumbu. Hata Meja Mwangi, aliyetoka nchi ya Waswahili, ni mwandishi wa Kiingereza.

4.0 Uhakiki wa L'ombre d'Imana

4.1 Umbo: safari mbili na yaliyo katikati

Kitabu kimepangwa kati ya safari mbili. Katika safari ya kwanza mwandishi anafika, anazunguka Kigali, anakwenda Nyamata na Ntarama, anakutana na watu na kuandika wanachomwambia. Katika safari ya pili anarudi kwa wengine, wakiwemo wafungwa. Kati ya safari hizo pana simulizi za kubuni: juu ya hasira ya wafu, juu ya mwanamke aitwaye Isaro, juu ya ndugu wawili Anastase na Anastasie, na juu ya wale ambao hawakuwepo.

Mpangilio huu una maana. "Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe." Mgeni wa safari ya kwanza bado anahudumiwa: anaoneshwa, anaelezwa, anashtuka. Mgeni anayerudi ameshika jembe. Hana tena ruhusa ya kushtuka tu. Sasa anapaswa kuzungumza na muuaji aliye gerezani na kukubali kwamba mtu huyo ana umri, jina na sauti ya kawaida. Tofauti ya ubora kati ya kitabu hiki na ripoti za wanahabari wa miaka hiyo imo katika kurudi huko. Simulizi za kubuni zinakuja kati ya safari hizo mbili kwa sababu baada ya safari ya kwanza kulikuwa na mambo ambayo hakuna shahidi aliyebaki wa kuyasema.

Tazama namna anavyoiandika Nyamata. Hafungui kwa masikitiko. Anaanza kama karani anayejaza fomu: mahali, tukio, makadirio ya idadi ya waliouawa. Kisha anafika kwenye mwili mmoja, wa mwanamke mwenye jina na umri wa miaka 25, na kueleza alivyokutwa. Idadi ni ya maelfu na ni ya kukadiria. Mwanamke ni mmoja na umri wake unajulikana. Tadjo anaviweka viwili hivyo kando kwa kando bila kuongeza kivumishi, na hatua hiyo fupi kutoka kwenye takwimu hadi kwa mtu mmoja inafanya kazi ambayo kurasa nyingi za maombolezo zisingeifanya.

4.2 Sauti: aliyekufa anapopiga simu

Simulizi ya Isaro ndiyo iliyofanikiwa zaidi kisanaa. Mumewe alijiua. Muda baadaye anapokea simu, na sauti ya mwanamume anayezungumza ni sauti ileile ya marehemu. Hapa hakuna mzuka; kuna mtu mwingine aliye hai mwenye sauti inayofanana. Isaro anataka kukutana naye, na msomaji anaelewa kwamba anataka kukutana na sauti.

Hili linaeleza kazi ya kitabu kizima. Tadjo anajua kwamba anachotuletea ni sauti iliyokwisha kuhama kinywa. Mjane alizungumza, mwandishi akaandika, mchapishaji wa Ufaransa akachapisha. Sauti inafanana na ya mwenyewe, lakini si ya mwenyewe. Mwandishi asiye mwaminifu angeificha njia hiyo. Tadjo ameigeuza kisa, akamwachia msomaji wasiwasi wa kutojua anamsikiliza nani.

4.3 Wafu: kati ya kufukuza na kutuliza

Mwanzoni mwa kitabu Tadjo anaeleza sababu ya safari yake kwa kitenzi cha kanisani: alitaka kuifukuza Rwanda iliyokuwa imemkaa ndani, kama kuhani anavyomfukuza shetani. Mwishoni anakiri kwamba jambo hilo halikuwezekana. Hakupona Rwanda, na Rwanda si kitu cha kufukuzwa. Wahakiki wanaomsoma kwa Kifaransa wanaweza kuiona safari hii kama jaribio lililoshindikana. Kwa Kiswahili tunaweza kuiona vingine.

Kitenzi chetu cha karibu ni kupunga. Katika desturi za pwani, anayepunga pepo si lazima amfukuze. Mara nyingi humwita, humuuliza jina, humsikiliza anachotaka, kisha hukubaliana naye. Mgonjwa huwa kiti cha pepo huyo na huishi naye kwa masharti. Kupunga, basi, huanza na kusikiliza na huweza kuishia kwenye mapatano. Hiyo ndiyo hali halisi ya mwandishi wetu mwishoni mwa kitabu: hajatolewa alichobeba, ila amejua jina lake na masharti ya kuishi nacho.

Simulizi ya hasira ya wafu inathibitisha usomaji huu. Wafu wanawaandama walio hai, na mmoja aliyekatwa kichwa ana ghadhabu kuliko wote. Anaitwa mganga, naye anazungumza na aliyekufa na kumbembeleza badala ya kumkemea. Tadjo aliandika tukio hilo kwa lugha isiyo na nafasi nzuri kwa wafu wa namna hii. Kinyarwanda kinawaita abazimu, na Kiswahili kina mizimu, neno la asili moja. Zaidi ya hayo, Kiswahili kina wazimu, yaani kuharibikiwa akili. Kwa msomaji wa Kiswahili, nchi yenye mizimu isiyotulizwa na nchi iliyopatwa na wazimu zimekaribiana kwa sauti yenyewe ya maneno. Hapa Kiswahili kinakielewa kitabu kuliko lugha kilichoandikiwa.

5.0 Kitabu kikisemwa kwa Kiswahili

Ubora huo wa Kiswahili si wa kila mahali. Tupime mifano mitano.

Mfano wa kwanza ni jina la kitabu. Tadjo ameliacha neno Imana bila kulitafsiri, na mtafsiri hana budi kufanya vivyo hivyo. Wanyarwanda husema kwamba Imana hushinda kwingine lakini hurudi Rwanda kulala. Kichwa cha kitabu kinaegemea msemo huo: mwaka 1994 Imana hakurudi, au kilirudi kivuli chake tu. Tukiandika "Kivuli cha Mungu" tutaingiza Biblia na Kurani mahali ambapo mwandishi ameweka uzito wa Kinyarwanda. Kwa upande mwingine, neno kivuli linatufaa sana, kwa kuwa linabeba baridi ya kupumzikia chini ya mti pamoja na giza linalomfuata mtu.

Mfano wa pili ni istilahi kuu. Kiswahili sanifu kinatumia "mauaji ya kimbari". Istilahi hii imeenea kwenye magazeti na idhaa za redio, na hatupendekezi ifutwe. Hata hivyo, mbari ni ukoo, na msomaji asiyejua historia anaweza kuelewa kwamba koo zilipigana. Kilichotokea kati ya Aprili na Julai 1994 kilipangwa na kuendeshwa na dola, na kilichukua maisha ya zaidi ya watu 800,000 kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, na zaidi ya milioni 1 kwa hesabu ya serikali ya Rwanda. Ndiyo maana Kinyarwanda rasmi husema jenoside yakorewe Abatutsi, yaani jenoside waliyofanyiwa Watutsi. Mtafsiri anayeandika "mauaji ya kimbari" peke yake amekwisha kupunguza maana. Anayeandika "mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi" ameirudisha.

Mfano wa tatu ni maneno ya kifo. Adabu ya Kiswahili hutufundisha kusema amefariki, ameaga dunia, ametangulia mbele ya haki. Katika kitabu hiki adabu hiyo inageuka uongo. Waliokuwa kanisani Ntarama hawakuaga, na hapakuwa na haki mbele yao. Kitenzi kinachofaa ni kuuawa. Vilevile tunapotaja kilichobaki cha miili yao, Kiswahili cha ofisini kina neno mabaki, lakini neno hilo ni la chakula na nguo pia. Wanyarwanda husema imibiri, yaani miili, hata pale ambapo macho yanaona mifupa, kwa sababu aliyezikwa kwa heshima huzikwa akiwa mtu kamili. Mtafsiri akubali kufundishwa na Kinyarwanda na aandike miili.

Mfano wa nne ni jina la waliobaki hai. Kinyarwanda kinawaita abarokotse. Mtafsiri anayefuata mlio wa neno atafikia "waliookoka", na msomaji wa Nairobi au Dodoma atadhani wamezungumziwa waumini waliompokea Yesu. Neno manusura ni salama zaidi, ingawa nalo lina harufu ya bahati, kana kwamba gari lilipinduka wakatoka wazima.

Mfano wa tano ni wa kisarufi, nao ndio mgumu kuliko yote. Kifaransa kina kiwakilishi kifupi, on, kinachoweza kumaanisha mtu fulani, watu, wao au sisi. Ni maficho mazuri kwa anayesimulia kosa bila kumtaja mkosaji. Kiswahili hakina maficho hayo. Kitenzi chetu kinadai mtenda: tuliua au waliua. Tukitaka kukwepa, tunakimbilia kauli ya kutendwa: waliuawa. Katika maelezo ya mfungwa, uchaguzi kati ya tu-, wa- na kauli ya kutendwa ndio ungamo lenyewe. Mtafsiri atalazimika kuamua, sentensi kwa sentensi, kama mfungwa huyu amejihesabu ndani ya kundi au nje yake. Hataweza kufanya hivyo kwa kamusi. Atahitaji kukaa na Wanyarwanda na kujua watu wa aina hiyo walisemaje kwa Kinyarwanda kabla maneno yao hayajawa Kifaransa.

6.0 Upungufu wa kitabu

Sifa tulizotoa hazikifanyi kitabu kisiwe na kasoro. Ya kwanza ni uchache wa historia. Kadi za utambulisho za kikabila zilizoanzishwa na Wabelgiji miaka ya 1930, mauaji na uhamisho wa kuanzia 1959, na redio iliyochochea chuki havipewi uzito unaolingana na sauti za watu. Msomaji anaweza kufunga kitabu akiamini kwamba uovu ulilipuka kutoka kwenye moyo wa binadamu kwa jumla. Tadjo anarudia kusisitiza kwamba Rwanda inatuhusu sote, na ni kweli. Ila "sote" ni neno pana, na waliopanga wanaweza kujificha ndani yake.

Ulinganisho unasaidia hapa. Katika Murambi, le livre des ossements, Boubacar Boris Diop amemweka daktari aliyepanga mauaji ndani ya familia ya mhusika mkuu, mwalimu wa historia anayerudi kutoka Djibouti akidhani kwamba yeye ni mwana wa mhanga. Siasa inaingia nyumbani na haitoki. Monénembo, katika L'aîné des orphelins, amempa usimulizi kijana anayesubiri kunyongwa gerezani Kigali, na ukali wa mtoto huyo unawanyima wakubwa kisingizio. Tadjo hana nguvu ya msuko kama ya Diop wala kejeli kama ya Monénembo. Simulizi ya Anastase na Anastasie ndiyo inayoonesha udhaifu huo zaidi: ndugu hao wenye majina pacha wanabeba wazo la dhuluma ndani ya nyumba moja, lakini wanabaki wazo zaidi kuliko watu.

Kasoro ya pili ni ya lugha. Mashahidi wote wanatufikia kwa Kifaransa laini. Kinyarwanda kinaonekana hasa katika majina ya watu na mahali, na katika neno Imana. Mkalimani, mtu muhimu kuliko wote katika safari ya aina hii, hapewi nafasi ya mhusika. Mwandishi aliyekuwa makini kiasi hicho kuhusu sauti inayohama kinywa angeweza kutuonesha pia kinywa cha katikati.

Inafaa kuongeza kwamba Tadjo mwenyewe aliendelea kulishughulikia tatizo hili. Katika Reine Pokou (2004), iliyopata Tuzo Kuu ya Fasihi ya Afrika Nyeusi mwaka 2005, ameichukua hadithi ya malkia wa Wabaoulé aliyemtoa mtoto wake kafara mtoni ili watu wake wavuke, akaisimulia mara kadhaa, kila mara kwa mwisho tofauti. Côte d'Ivoire ilikuwa imeingia vitani Septemba 2002. Mtu aliyetoka Nyamata hakuweza tena kukubali kirahisi kwamba taifa huanzishwa juu ya maiti ya mtoto. Katika En compagnie des hommes (2017), kuhusu Ebola, usimulizi umegawanywa kwa wengi: mbuyu, madaktari, wagonjwa, popo na hata kirusi chenyewe. Kutoka kitabu hadi kitabu sauti zimeongezeka na mwandishi amejisogeza pembeni. Somo hilo lilianzia Rwanda.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Tulianza na methali ya mgeni na mwenyeji. L'ombre d'Imana haidai kwamba mgeni alimponya mwenyeji. Inaonesha mgeni aliyekuja kutafuta nafuu yake mwenyewe, akakuta wenyeji wenye kazi kubwa zaidi, akakaa akaandika walichomwambia. Ni matarajio madogo, na kwa sababu hiyo kitabu kimedumu.

Kiswahili nchini Rwanda kinapaswa kujifunza adabu hiyohiyo. Sheria ya 2017 ilikifanya lugha rasmi ya nne, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Sheria inaweza kuipa lugha ofisi. Haiwezi kuipa machozi. Wanyarwanda wengi wa makamo walikizoea Kiswahili kama lugha ya biashara, ya lori na ya amri, na neno "Mswahili" katika baadhi ya vinywa bado lina dharau. Mtazamo huo hautaondolewa na mabango ya Siku ya Kiswahili Duniani. Utaondolewa siku Mnyarwanda atakaposikia msiba wake ukitajwa kwa Kiswahili kwa usahihi, bila kupunguzwa wala kupambwa.

Kwa washauri wa sera tunapendekeza mambo manne. Kwanza, vitabu vya mradi wa 1998, kuanzia hiki, vitafsiriwe kwa Kiswahili na vikundi vyenye angalau Mnyarwanda mmoja anayeijua lugha ya ushahidi. Tafsiri ya kutoka Kifaransa pekee haitatosha. Pili, mabaraza ya Kiswahili ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki yakae na taasisi za kumbukumbu za Rwanda kuandaa faharasa fupi ya istilahi za mauaji ya kimbari, ikieleza sababu ya kila uchaguzi: kimbari, miili, manusura na mengineyo. Tatu, ufundishaji wa Kiswahili katika shule za Rwanda usiishie kwenye mazungumzo ya sokoni na hotelini. Wanafunzi wapewe matini fupi za fasihi zinazotaja maisha yao. Nathari nyepesi ya mwalimu huyu wa Korhogo inafaa kuwa mahali pa kuanzia. Nne, shule za Tanzania, Kenya na Uganda zisome matini hizohizo kwa Kiswahili. Mito ya Rwanda iliipeleka miili hadi Ziwa Viktoria mwaka 1994, na wavuvi wa ziwa hilo waliiopoa na kuizika. Msiba huu ulikwisha kufika kwa majirani. Kilichochelewa ni maneno ya kuuzungumza pamoja nao.